Kuchagua kamshafti na kutyuni injini ya EFI iliyosukwa upya: ukiwa Dodoma usinunue kwa hesabu za pwani

Dayo Geji (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Huu uzi nimeuwaza muda mrefu kwa sababu gereji tunapokea mara kwa mara gari za namna moja. Injini ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta) imesukwa upya, pistoni ova saizi, ringi mpya, beringi mpya, hedi imesawazishwa. Kabla ya kufunga, mwenye gari akashauriwa atie na kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali kabisa maana "si umeshafungua". Gari linawaka na kunguruma vizuri pale uani. Likitoka barabarani halina pikapu, linakula mafuta, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inayumba mpaka linazima kwenye taa. Kamshafti yenyewe mara nyingi ni nzima na ni ya gharama. Imechaguliwa tu kwa ajili ya hewa nyingine na kazi nyingine.

Hoja yangu ni moja: kwa gari la kutembelea hapa Dodoma, chagua kamshafti ndogo kuliko unayoitamani, kisha pesa inayobaki peleka kwenye kuipanga kwa digrii na kutyuni (kurekebisha mafuta na moto wa plagi) kwa vipimo.

Dodoma ipo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 88 au 89, wakati Dar ni kama 101. Injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla hujagusa chochote. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni vakyumu, yaani mvuto wa injini: hewa ya nje inazidi kiasi gani ile ya ndani ya manifodi. Injini ya kiwandani ikiwa sailensi inakaa na kilopaskali kama 35 ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Dar, tofauti na hewa ya nje ni kama 66, yaani inchi 19 na ushee za zebaki kwenye geji. Hapa kwetu ni kama 54, inchi 16. Injini ni ileile, nzima kabisa, lakini tumeshapoteza zaidi ya inchi tatu. Sasa ongeza kamshafti inayoacha valvu za hewa na za moshi wazi kwa pamoja muda mrefu, uone kinachobaki.

Nitoe mfano wa Corolla moja yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16. Kamshafti zake za kiwandani zina digrii 240, yaani kolenki (shafti kuu ya injini) inazunguka kiasi hicho valvu ikiwa wazi. Huyu alifungiwa za 272, ya hewa na ya moshi, kwenye gereji ya mji mwingine, na kontroboksi (kompyuta ya injini) ikaachwa ileile ya kiwandani. Ilipofika kwetu kitu cha kwanza nilichomeka geji ya vakyumu kwenye manifodi. Sindano ilikuwa inatetemeka kati ya inchi 8 na 10. Plagi zote nne nyeusi, kavu, masizi yanatoka kwa kidole. Mwenye gari alilalamikia mafuta, lakini mimi kilichonitisha ni breki: ukikanyaga mara mbili tatu mfululizo kwenye foleni pedali inakuwa ngumu, maana haidrovaki (kisaidizi cha breki) inategemea vakyumu hiyohiyo. Nilimwambia gari lisitembee mpaka tumalize.

Kwa nini ilikuwa inamwaga mafuta? Hii 4A-GE haina eafloo (kipimo cha hewa inayopita), inapima hewa kwa sensa ya shinikizo la manifodi. Kontroboksi ilizoea kuona 35 kwenye sailensi, sasa inaona karibu 57. Kwa akili yake gari linapanda mlima, kwa hiyo inaongeza mafuta. Halafu moshi unarudi ndani wakati valvu zote ziko wazi, mchanganyiko unashindwa kuwaka vizuri, na oksijeni ambayo haikuungua inatokea egzosi. Sensa ya oksijeni ikikutana nayo inasema mafuta ni machache. Kontroboksi inaongeza tena. Sensa mbili, zote nzima, zote zinaisukuma injini upande uleule. Unaweza kubadilisha sensa mpaka uchoke na hakuna kitakachobadilika.

Hesabu ya huo mpishano wa valvu, yaani muda ambao za hewa na za moshi ziko wazi kwa pamoja, kila mtu anaweza kuifanya kwa karatasi. Chukua digrii za kamshafti, gawa kwa mbili, toa digrii za katikati ya pua (mahali kamshafti inapofungua valvu zaidi), zidisha kwa mbili. Kwa 240 iliyopangwa 110 unapata 20. Kwa 256 unapata 36. Kwa 264 unapata 44. Kwa 272 unapata 52. Pia angalia valvu ya hewa inafunga lini. Kwa 240 inafunga digrii 50 baada ya pistoni kufika chini, kwa 272 inafunga 66. Kipindi chote hicho pistoni inapanda huku mlango uko wazi, na kwenye mizunguko midogo inarudisha hewa ilikotoka. Hewa yenyewe ya Dodoma ni haba tayari. Ndiyo maana gari linakosa nguvu chini, halafu linaamka juu ya rpm (mizunguko kwa dakika) 4,500, mahali ambapo mtu anayetoka Nkuhungu kwenda Mtumba kazini hafiki.

Tulitoa zile 272 tukaweka 256, na kwa kuwa 4A-GE ina puli mbili, kila kamshafti na yake, tulifunga puli za kurekebishika tukapanga 112 kwa 112. Mpishano ukashuka hadi 32. Vakyumu ikapanda mpaka karibu inchi 14 na sindano ikatulia. Breki zikarudi. Hapo ndipo kutyuni kulipoanza, si kabla.

Mkinunua, ulizeni digrii zimepimwa kuanzia wapi. Muuzaji mmoja anapima tangu valvu inapoanza kunyanyuka, mwingine anapima kuanzia milimita 1 au 1.27. Kamshafti ileile itakuwa na namba mbili tofauti sana. Bila karatasi yake ya vipimo, mimi siifungi.

Tuje kwenye kuipanga. Alama za puli hazitoshi, hasa kama hedi au bloku imekatwa, maana umbali kati ya kolenki na kamshafti umebadilika. Funga sahani ya digrii kwenye kolenki, tengeneza mshale wa waya mgumu, tafuta topu halisi (pistoni ikiwa juu kabisa) kwa kizuizi cha pistoni: zungusha mpaka iguse, soma, zungusha upande wa pili mpaka iguse, soma, katikati ya hizo mbili ndiyo topu. Kisha weka dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) juu ya bakuli la valvu, linalosukumwa na pua, utafute pua ilipo. Ni kazi ya mkono na macho, haihitaji umeme wala laptopu, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Pima pia nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi iliyotumika, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua, kata ule udongo kwa wembe, pima unene pale valvu ilipogusa. Nataka angalau milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi. Hakikisha pia springi hazibanani zikiwa zimeshuka mwisho. Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi: kwa kamshafti za kiwandani za 4A-GE ni milimita 0.15 hadi 0.25 hewa na 0.20 hadi 0.30 moshi. Kamshafti nyingine fuata karatasi yake.

Kuwasha mara ya kwanza: toa umeme wa koili na wa nozeli, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Usiiache sailensi. Ishike kama 2,000 na uwe unaibadilishabadilisha, pua na bakuli zizoeane huku oili inarushwa ya kutosha. Halafu ipeleke barabarani, ringi zinahitaji mzigo. Oili ya kwanza imwage mapema, usiionee huruma.

Mengine nitaendelea kwenye maswali. Karibuni.

Pwani Rpm

Mkuu umeandika vizuri ila naomba kutofautiana kidogo. Mimi nipo Dar, nina 4A-GE yenye 272, sailensi inacheza kidogo tu, breki hazina shida, na juu inapiga kama kitu kingine. Kwa hiyo tusiwatishe watu na 272.

Dayo Geji

Mkuu, gari lako silikatai, na naamini unachosema. Uko usawa wa bahari, una inchi tatu na nusu za vakyumu ambazo sisi hatuna. Je, kontroboksi yako ni ya kiwandani au ya kutyuni?

Pwani Rpm

Ya kutyuni. Nina sensa ya waidibendi pia, ile inayosoma uwiano kamili wa hewa na mafuta.

Dayo Geji

Basi tunakubaliana. Wewe umeiambia kontroboksi kwamba 272 ipo. Yule wa kwetu hakuiambia. Na ukija huku na hilo gari, pima vakyumu ukishapumzika, uniambie sindano imeshuka kiasi gani.

Umenifungulia jambo ambalo nilitaka kulisema peke yake maana ndilo linaloua injini. Kontroboksi ya kutyuni inafanya kazi kwa jedwali: upande mmoja rpm, upande mwingine shinikizo la manifodi. Ukityuni Dodoma, hata ukikanyaga mpaka mwisho, shinikizo haliendi zaidi ya 88 au 89. Mistari ya 90, 95 na 100 haijaguswa kabisa. Gari linatembea safi, mwenye gari anafurahi, anaamua kwenda Dar. Anateremka Gairo, Dumila, Morogoro, hewa inazidi kuwa nzito, na akifika pwani akakanyaga, injini inaingia kwenye mistari ambayo hakuna aliyeijaza. Kama mtyunaji aliiacha na mafuta machache au moto wa mbele kupita kiasi (plagi kuwasha mapema mno) kwa sababu Dodoma injini haikulalamika, itagonga kwenye joto la pwani na pistoni mpya zitaliwa.

Kwa hiyo mistari ya juu ijazwe kwa mkono hata kama haifikiwi: mafuta yaendelee kupanda kwa mwelekeo uleule, na moto urudishwe nyuma digrii mbili tatu kuliko unavyodhani inahitaji. Kisha safari ya kwanza ya kushuka iwe na laptopu inarekodi, dereva akanyage kwa adabu, na mrekebishe mkifika Morogoro, halafu tena Dar.

Wale wanaotyuni kwa nafasi ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali) tu bila kipimo cha shinikizo, tahadhari iwe kubwa zaidi. Kutoka hapa hadi pwani hewa inaongezeka kama asilimia 14. Uwiano wa hewa na mafuta wa 13 kwa 1 uliouweka hapa utakuwa karibu 14.8 kule, na throto iko wazi yote. Lazima iwe na sensa ya hewa ya nje ya kusahihisha.

GX90 ya Area C

Kaka Dayo habari. Mimi ni dada mwenye Mark II GX90, injini 1G-FE, nimetoka kuisuka upya. Fundi wangu anasema kuna mtu anaweza kusaga kamshafti zangu ziwe za "sport" kwa bei nafuu. Natumia gari kwenda kazini na mara mojamoja Kondoa kwa wazazi. Nifanye?

Dayo Geji

Dada yangu, usifanye. Nitakueleza sababu ili ukamwambie fundi wako bila kumvunjia heshima.

Hizi hedi za FE, mkanda unazungusha kamshafti moja, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia zilizo ndani ya hedi. Huwezi kuzipanga kila moja peke yake kwa puli kama 4A-GE. Mpishano uliosagiwa ndio utakaobaki nao.

Pili, kusaga hakuongezi chuma. Anachofanya ni kupunguza sehemu ya mviringo ili pua ionekane ndefu. Nafasi ya valvu inakuwa kubwa, inabidi utafute shimu (vipande vya kuziba nafasi ya valvu) nene, na za kiwandani zina kikomo. Na ngozi ngumu ya juu ya kamshafti ikishakatwa, chuma laini kinakutana na bakuli. Utasikia kwanza tikitiki, baadaye pua inalika.

Hiyo pesa osha nozeli na uzipime zote sita zinamwaga sawasawa, badilisha plagi, safisha throto na vali ya sailensi, hakikisha hakuna bomba la vakyumu lililopasuka, na mkanda wa taimingi uwe mpya. 1G-FE ni lita 2 yenye pistoni ndogo sita, milimita 75 kwa 75, ikiwa safi inazunguka kwa ulaini ambao huwezi kuununua kwa kamshafti. Kwenda Kondoa itakupeleka vizuri.

GX90 ya Area C

Asante sana kaka. Na ile chujio ya wazi ya duara walinifungia, niiache?

Dayo Geji

Itoe leo. Nalisemea hili kwa uchungu kabisa. Vumbi la huku kiangazi linaingia mpaka ndani ya kabati la nguo, sembuse chujio ya wazi iliyokaa nyuma ya rejeta. Silinda ndiyo kwanza imepigwa msasa, ringi hazijakaa, unaipa mchanga mwembamba ivute. Tena inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, na hewa ya moto ni hewa haba zaidi. Rudisha kasha la kiwandani na bomba lake la kuvutia hewa kutoka nje, lipe karatasi mpya.

Na kwenye rejeta usiweke maji ya bomba ya hapa. Yana chumvi, njia za maji za hedi uliyotoka kuisafisha zitajaa magadi. Weka kulanti.

Throto Body

Mkuu tupe basi namba za kutyuni. Mafuta kiasi gani, moto kiasi gani?

Dayo Geji

Moto wa mwanzo kwa 4A-GE ya kontroboksi ya kiwandani: unganisha TE1 na E1 kwenye boksi la uchunguzi, weka digrii 10 kabla ya topu kwa taa ya taimingi. Usipounganisha, kontroboksi inaendelea kuusogeza moto na unachokisoma si chako. Kwa kontroboksi ya kutyuni, funga moto kwenye digrii 10 kwa programu, kisha thibitisha kwa taa kwamba kolenki nayo inasema 10. Zikitofautiana usiendelee hata hatua moja, kila namba utakayoandika baadaye itakuwa ya uongo.

Mafuta: kwa waidibendi, throto wazi yote injini isiyo na tabo naiweka 12.6 hadi 13. Mwendo wa kawaida barabarani 14.7. Sailensi ndiyo inayotaka subira. Kwa 256 ilipenda kama 13.8. Na hapo nazima kabisa lile sahihisho la sensa ya oksijeni kwenye sailensi, kwa sababu ya ile oksijeni isiyoungua niliyoieleza juu. Sikiliza injini na uangalie vakyumu: ongeza mafuta kidogo, vakyumu ikipanda endelea, ikianza kushuka rudi. Sindano ya vakyumu inasema ukweli kuliko namba ya waidibendi kwenye mizunguko ile ya chini.

Anza na sailensi, kisha mwendo mwepesi. Barabara ya kwenda Bahi ni nzuri kwa hilo, tambarare ndefu, unashika rpm moja unajaza jedwali. Kwa mzigo panda ule mwinuko baada ya Kintinku kwenda Manyoni kwa gia ya tatu, mwenzako akisoma laptopu. Dereva asisome, hilo sibishani na mtu. Kukanyaga throto mpaka mwisho kuwe hatua ya mwisho kabisa, ringi zikishakaa.

Moto unasogezwa mbele kidogokidogo mpaka nguvu isipoongezeka tena, kisha unarudi digrii moja au mbili. Hewa haba inavumilia moto wa mbele zaidi, na hapo ndipo watu wa huku wanajisahau.

Nozeli zisifunguke zaidi ya asilimia 80 hadi 85 ya muda wote. Kwa 256 kwenye injini ya lita 1.6, nozeli za kiwandani zinatosha. Ukiongeza shinikizo la petroli kutoka baa 3 hadi 4 unapata kama asilimia 15 tu, si theluthi kama wengi wanavyodhani.

Mzee wa Kinyangiri

Kijana wangu shikamoo zako nimezipokea. Nina Hilux ya 3RZ-FE, nabeba alizeti. Injini imesukwa Singida. Fundi amepima mgandamizo, silinda zote zimesoma kati ya psi 145 na 150. Anasema ni mdogo, anataka kufungua tena na kubadilisha kamshafti apate nguvu. Nimechoka na gharama.

Dayo Geji

Marahaba si yangu kuitikia, shikamoo mzee wangu.

Naomba asifungue. Singida ni juu zaidi kuliko Dodoma, kama mita 1,500. Injini ambayo pwani ingesoma psi 175, hapo Singida inasoma kama 147. Vitabu vingi vya matengenezo havimwambii fundi apunguze namba kwa ajili ya mwinuko. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, na zako zimepishana psi 5 tu. Hiyo ni injini iliyosukwa vizuri, na fundi wako anastahili sifa kwa hilo.

Arudie kipimo injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, throto imekanyagwa mpaka mwisho, betri imejaa. Throto ikifungwa hata injini mpya itasoma chini.

Kamshafti ya kiwandani iache. Ile lita 2.7 ya milimita 95 kwa 95 imetengenezwa kuvuta chini, na gunia za alizeti zinavutwa chini. Kamshafti ya digrii nyingi itakuondolea kilekile unachokitafuta. Kama gari ni zito, akague kwanza breki kama hazijakwama zikang'ang'ania magurudumu, chujio ya petroli, shinikizo la pampu, na cheni kama imekaa kwenye alama zake, jino moja likiruka nguvu yote ya chini inapotea.

Mzee wa Kinyangiri

Cheni hajaigusa, alisema ya zamani bado nzima.

Dayo Geji

Basi mzee aanzie hapo. Afungue kifuniko cha valvu tu, alete pistoni namba moja topu, aangalie alama za gia za kamshafti kama zinatazamana na usawa wa hedi. Aangalie pia kitanua cheni kimetoka kiasi gani. Nitumie picha hapa akishafungua, kabla hajatoa kitu.